Jina la Miaka Elfu na Mtoto wa Mgongoni

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao walipoanza kuingia Kibondo, sisi walimu tuliombwa kusaidia kuandikisha watu kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi ni mtu wa Moshi. Kwetu jina la ukoo humtangulia mtu kila aendako, kwa hiyo nilikaa mezani nikijiona najua kazi.

Akaja mama mmoja na watoto wanne. Watatu waliotembea, kila mmoja alinitajia jina lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake wala la mama. Wa mgongoni, mchanga kabisa, hakuwa na jina. Nikasema moyoni, huyu ananidanganya, hawa amewaokota njiani. Nikawaandika watatu kwenye orodha ya watoto wasio na wazazi, wapelekwe kwenye hema lao. Mama hakulia. Aliwashika mikono akakataa kusogea, foleni ikasimama.

Msimamizi wetu, mama wa makamo kutoka Ayalandi, alikuja kuuliza kulikoni. Nilimweleza, nikaongeza kwamba hata yeye ana jina la ukoo. Akakubali analo. Linaanza na neno la kwao lenye maana ya mjukuu, kisha jina la babu aliyeishi yapata miaka elfu iliyopita. Kila akitia saini anamtaja. Mtu amekufa zamani hizo, na bado anaitwa, hadi huku kwetu kwenye karatasi za mgawo wa unga!

Kisha akaniambia nimuulize na mama huyu majina yametoka wapi.

Nilikuwa na miaka mitatu Kibondo, nikiita wanafunzi wa Kiha, ndugu wa Warundi kwa lugha na desturi, majina yao, bila kuuliza hata siku moja. Nikauliza. Mama akasema baba humpa kila mtoto jina lake, kwa yaliyokuwapo nyumbani siku hizo. Mkubwa, majirani walikuwa wakiwasema vibaya. Wa pili alizaliwa baada ya kuzika wawili. Wa tatu, mvua ilikuwa imerudi. Nilisikiliza nikiona aibu na kustaajabu kwa pamoja. Maisha yao yote yalikuwa yamesimama mbele ya meza yangu, na mimi nilitaka kuyagawa.

"Na huyu wa mgongoni?"

"Jina lake liko kwa baba yake. Bado hajafika."

Nikachukua fomu mpya, nikawaandika wote wanne chini ya mama yao. Nafasi ya mdogo niliiacha wazi.