Neno la Mwenye Kuinua Bati

Niseme mapema kwamba sikupelekwa Ubelgiji na mtu. Nauli niliitafuta mwenyewe Kigoma, kwa kuuza dagaa na betri za redio, na diploma yangu ya maabara, ambayo sasa imetundikwa ukutani juu ya meza ninayoandikia, niliipata huku nikiosha masufuria katika mkahawa wa Kiafrika pale Ixelles, jijini Brussels. Wengi tulioanza pamoja waliishia njiani. Mimi nilimaliza, tena kwa alama nzuri, nikarudi nyumbani na sanduku la vitabu. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia habari ya woga si mwoga kwa kawaida.

Katikati ya miaka ya tisini, mkahawani hapo alikuwa akija mama mmoja wa Lubumbashi, ambaye sote tulimwita maman kwa Kifaransa cha kwao. Aliishi Evere, jijini humo humo, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwanyanyua wazee katika nyumba ya kulelea. Sebuleni kwake, ndani ya sanduku la kioo, alifuga nyoka wa Amerika mwenye pete nyeusi na nyeupe, yule anayeitwa nyoka mfalme kwa sababu hula nyoka wenzake. Wateja walimwita mchawi. Yeye alicheka tu na kuendelea na fufu lake.

Siku moja niliombwa kupeleka sahani mezani. Nikawakuta wanamtania, nami nikataka nionekane mtu. Nikasema kwetu Kigoma nilikuwa nakamata swila kwa mikono mitupu.

"Ah bon?" maman akaniangalia toka chini hadi juu. "Na mikono?"

"Kwa mikono, maman."

"Alors, samedi utakuya na siye."

Ulikuwa uongo. Kigoma nilikulia mjini, na kila nyoka niliyemwona alikuwa amekwisha kufa, kichwa kimepondwa na jirani.

Jumamosi tulikuwa watatu: maman, mimi, na mzee wa Kibelgiji aliyestaafu kazi ya posta, mwenye gari na daftari. Tuliondoka asubuhi, tukaenda kusini hadi karibu na mpaka wa Ufaransa, kwenye miteremko ya mawe na miiba. Walikuwa wanamtafuta nyoka wa porini wa nchi ile aitwaye coronelle, ili mzee amwandike daftarini, kisha wamwachie. Ni mdogo, rangi ya udongo, hana sumu, na yeye pia hula mijusi na nyoka wengine. "Mfalme wa bamaskini," maman alisema. Taabu ni kwamba kwenye miteremko hiyohiyo anaishi vipère, ambaye kwa jicho la haraka anafanana naye, na huyo ana sumu.

Mzee alinieleza utaratibu kwa Kifaransa, taratibu, kama anayesoma anwani kwenye bahasha. Majira ya kuchipua alikuwa ametandaza mabati ya zamani juani. Nyoka huingia chini yake kutafuta joto. Mmoja anainua bati, akilivuta upande wake ili limkinge miguu. Mwingine anapiga magoti pembeni, tayari kukamata. Aliyeinua anatazama kwanza, anataja aina ya nyoka, na hapo hapo mkamataji anatia mkono. Hasubiri kutazama mwenyewe, maana coronelle hupotea kufumba na kufumbua. Na havai glavu, kwa kuwa glavu huumiza nyoka mdogo.

"Neno lako njo glavu yangu," maman aliniambia. "Inua, Mutanzania."

Bati la kwanza lilikuwa na sisimizi. La pili lilikuwa na kiota cha panya. Kila nilipoinama nilichelewa kuinua, nikijifanya naangalia mahali pa kukanyaga.

Chini ya la tatu kitu kilisogea. Nilisikia majani makavu, nikafumba macho, na kwa sababu hilo ndilo neno nililolitaka liwe kweli, nikatamka, "Coronelle!"

Nilipofumbua macho, mkono wa maman ulikuwa tayari unashuka. Niliuona vizuri kuliko nilivyomwona nyoka: ngozi iliyokauka kwa sabuni, kucha fupi, pete nyembamba.

"Maman, acha! Sikutazama!"

Mkono ukasimama hewani. Kitu cha rangi ya udongo kikateleza, kikaingia kwenye miiba. Mpaka leo sijui kilikuwa nini.

"Hukuangaria?"

"Nilifumba macho."

"Na swila ya Kigoma?"

"Hakuna swila, maman. Sijawahi kushika nyoka maishani mwangu."

Alinyanyuka, akanisogelea, akauweka ule mkono mbele ya pua yangu. "Petit, huu mukono njo unalisha batoto yangu bane. Bane! Unasikia?"

Nilisikia. Mzee akaandika kwenye daftari, akasoma kwa sauti alichoandika: nyoka mmoja, hakutambuliwa. Akalirudisha bati lilivyokuwa, akasema yamebaki manne, na kwamba yeye anaweza kuinua. Nilishageuka kuelekea garini.

"Non," maman akasema. "Atainua yeye. Sasa ataangaria mpaka macho itoke."

Matatu hayakuwa na kitu. Chini ya la mwisho alikuwamo, amejikunja kama kamba ya kiatu, nayo harufu ya udongo wa moto ikanipanda usoni. Safari hii sikufumba. Mzee alikuwa ameniambia nitazame mboni: ya vipère imesimama kama ya paka, ya coronelle ni duara. Lakini kichwa kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Ilinibidi niiname zaidi, uso wangu ukaribie. Jicho likatokea. Nikalitazama, nikalitazama tena.

"Duara," nilisema. "Coronelle."

"Umeangaria?"

"Nimetazama, maman."

Akatia mkono. Nyoka akageuka, akamwuma kati ya kidole gumba na cha shahada, akang'ang'ania. Damu ikatoka. Nilimwita mama yangu kwa sauti. Kichwani nilikuwa nimeshafika hospitali, nimeshafika Evere, nimesimama mlangoni mbele ya watoto wanne, nikitafuta la kuwaambia.

Maman hakutikisika. Alikuwa anatazama mkono wake kama anasoma saa.

"Ona vile anatafuna," akasema. "Vipère inapiganga mara moja, inaachia. Huyu anakula kabisa, mubaya huyu! Coronelle."

Mzee aliniambia nikae chini. Nilikuwa nimeshakaa, juu ya miiba, bado nimelishika bati.

Kurudi Brussels nilikaa kiti cha nyuma, na sikuuondolea macho ule mkono. Kila gari lilipopita kivulini nilidhani umevimba. Waliponishusha Chaussée d'Ixelles, nje ya mkahawa, niligonga kioo.

"Maman, naomba niuone tena."

Akautoa dirishani, akanichezeshea vidole vyote vitano, mpaka basi la nyuma likapiga honi.