Kakao Isiyouzwa

Chokoleti ya kwanza niliyokunywa maishani ilipikwa kwa kakao ya mwisho ya shamba letu. Nililikumbuka hilo juzi, nilipomwona mhudumu wa mgahawa mmoja hapa Bunia akikoroga chokoleti nzito kwa maziwa.

Siku hiyo asubuhi tulikuwa tumekimbilia mjini baada ya kijiji chetu kuvamiwa na watu wenye silaha, mama akiwa na mfuko mdogo wa kakao kichwani. Baba alibaki nyuma kutafuta mbuzi. Alisema atatufuata kabla ya jua kuzama. Sisi watoto wa wakulima tulizoea kufyonza utando mweupe mtamu wa mbegu mbichi tu. Mbegu kavu zilikuwa za kuuza, na hakuna aliyezitumia nyumbani.

Mchana mama alizikaanga juu ya mbabula, jiko la makaa, akazisaga kwenye jiwe, akazichemsha kwa maziwa na sukari. Harufu ilijaa uani tulikohifadhiwa, chungu na tamu kwa pamoja.

"Mama Neema, weye unapikia watoto franga?" jirani tuliyekimbia naye alimtania, maana kakao ile ndiyo iliyokuwa pesa yetu.

"Acha wakunywe," mama alijibu. "Baba yao akifika, atanigombeza yeye mwenyewe."

Mimi nilidhani ni sikukuu. Nilichonung'unikia ni kikombe kikubwa kilichofunikwa kwa sahani, alichowekewa baba. Sasa najua mama alitafuta kazi ya mikono ili asishinde akitazama barabara.

Jioni aliipasha moto chokoleti ile tena na tena, mpaka ikashika chini ya sufuria. Baba hakufika. Hakuna aliyeuona mwili wake, na hadi leo mama hajakubali tufanye matanga.