Aliyenichagulia Gari la Bluu

Wapo watakaosema bibi huyu amezeeka, anaota macho yakiwa wazi. Waseme. Haya yalinifika mimi mwenyewe, Ukunda, mchana kweupe, mwishoni mwa miaka ya tisini, na kila aliyekuwapo namkumbuka kwa jina lake.

Mwanangu Mwanamisi alikuwa amelala siku kumi na mbili, uso kauelekeza ukutani, hali chakula, hasemi. Ana mtoto wa miezi miwili, na maziwa yamemkauka. Tulianzia hospitali, damu ikapimwa, maji akatundikiwa, ugonjwa haukuonekana. Ndipo ndugu yangu Bakari akaniambia, "Dada, tusijidanganye. Huyu ana mtu."

Najua masheikh hawayapendi mambo haya, na mimi sala zangu tano naziswali. Lakini huku kwetu Msambweni, pepo akimpanda mtu, ngoma hupigwa na pepo huulizwa anataka nini. Akipewa, humwachia mtu wake. Wengine hutaka marashi, wengine leso nyekundu au halua. Mganga wetu, Bi Mwanatumu, akamuuliza huyu. Akajibu kwa kinywa cha mwanangu, sauti nzito ya kiume:

"Nataka gari la mashindano. Dogo, la kuendeshwa kwa mbali. Lije na betri zake."

Watu wakaangua kicheko. Bi Mwanatumu hakucheka. "Huyu ni pepo wa Kizungu," akasema. "Mpeni kabla jua la Ijumaa halijatua, la sivyo atamchukua."

Hapo tukafanya kosa. Tumezoea kumtuliza pepo kwa mfano wa kitu. Akitaka ng'ombe, tunamfinyangia wa udongo. Basi Bakari akaunda gari la mkebe, tukampelekea. Mwanamisi akalivurumisha, likampata Bakari kwenye paji la uso. "Mimi mtoto?" pepo akauliza. Tangu saa ile hata maji akayakataa.

Alhamisi nikaenda Ukunda kwa fundi Wambua, Mkamba aliyekuwa akitengeneza redio na kuuza vitu walivyoviacha wageni wa hoteli za Galu. Alikuwa na magari mawili ya namna ile, na betri tatu.

"Mathe, chukua hii nyekundu," akasema. "Hii ndiyo moto. Ni ya mjukuu?"

"Mimi si mathe wako. Wala si ya mjukuu."

Lile jekundu liling'aa, na pepo hupenda nyekundu, kila mtu anajua. Nikanyoosha mkono. Mara mtu akawa amesimama ubavuni mwangu. Mrefu, suruali fupi, soksi nyeupe mpaka magotini, viatu vikavu, safi, ilhali mvua ilikuwa imenyesha na njia yote tope. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama." Kisha akalibonyeza lile jekundu kwa kidole.

"Springi zimekufa," akasema. "Likiruka litabingirika. Sasa bonyeza hili la bluu. Umeona? Linashuka, linapanda polepole, halidundi."

Kweli. Lilikuwa limechubuka kila mahali, lakini lilipanda kwa utulivu kama kifua cha mtu aliyelala. Akanitilia betri kiganjani moja moja. "Hii imevimba, iache. Hizi mbili zipime. Iliyo nzito zaidi itakimbia zaidi. Moja ikikimbia, nyingine ipumzike. Na usiichaji ingali moto, mama, utaiua."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Mimi ni mtu wa mbio," akasema, akacheka.

Nikageuka kumpa Wambua vitu avifunge. Nilipogeuka tena, hakuna mtu. Niamini, njia ile imenyooka mpaka mbali, na kwenye tope hapakuwa na alama ila za ndara zangu.

Wambua akatikisa kichwa. "Lakini huyo binti yako anajua magari! Ameniaibisha kabisa."

"Binti gani?"

"Si huyo uliyekuja naye? Mwenye leso ya kijani, amekonda hivi. Si yeye aliyekukataza ile nyekundu?"

Leso ya kijani ndiyo aliyojifunga Mwanamisi pale kitandani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikaa chini, papo hapo topeni.

Ijumaa, baada ya alasiri, Mwanamisi akabebwa mpaka uani. Alipoliona gari akasimama mwenyewe. Akazipima betri mbili viganjani, akaitia ile nzito, akashika rimoti ya kuliendeshea. Mwanangu, ambaye hata baiskeli hakuwahi kuipanda! Gari likachomoka, likawazunguka wapiga ngoma, likapanda lundo la makumbi ya nazi, likaruka juu, na angani likawa kama limetulia kidogo kutufikiria. Likatua kwa magurudumu yote manne. Ngoma zikanyamaza. Mzee Hamadi, mpiga chapuo, akavua kofia. Mimi nililia, na si kwa hofu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Betri ilipokwisha, Mwanamisi akaitoa, akaishika mpaka ikapoa. Kisha akaitazama rimoti kama kitu asichokijua.

"Mama," akasema kwa sauti yake, "nina njaa. Mtoto yuko wapi?"

Mwanamisi yu hai, anaishi Mkwiro na mumewe, na gari lile hajui hata kuliwasha. Mimi ndimi ninayelitunza. Kila mwaka, Ijumaa moja, nalitia betri, naiweka rimoti juu ya mkeka, naingia zangu ndani. Nalisikia tu likizunguka uani.

Betri huzeeka, basi mimi hurudi madukani kutafuta nyingine. Mara ya mwisho, muuzaji mmoja asiyenijua alinitolea kiti. Kisha akatoa cha pili, akakiweka kando yangu, pasipo na mtu, akaamkia upande ule kwa adabu. Sikumuuliza amwamkiaye ni nani.

Nawe ukitumwa kitu na asiyeonekana, usimpunje. Mchagulie kama unavyomchagulia mwanao. Kwa maana huenda ni mwanao kweli.