Vitambaavyo vya Kufunika Mawe

Mume alipohamia kwa msusi, alichukua redio, godoro jipya na ahadi zake zote. Aliacha vitu viwili: lundo la mawe mbele ya nyumba, na mama yake mzazi.

Mama hakulalamika. "Kwa msusi ningekaa wapi? Kwenye kiti cha kusukia?"

Kisha mume akatuma salamu: Jumamosi anakuja kuzoa mawe yake, amjengee msusi chumba. Mwanamke aliyeachwa akakimbilia kwa mzee wa mtaa. Mzee akaamua: mawe yaliyolala ni ya aliyeyanunua, yaliyokwisha kutumika ni ya nyumba. Basi mwanamke akayapanga, makubwa chini, madogo juu, apate bustani. Lakini mawe matupu yaliyopangwa ni lundo lililonyoosha mgongo tu. Yalitaka mimea.

"Usinipandie msitu dirishani," mama mkwe akaonya. "Nisipoona wapitao, nitakufa kabla ya siku zangu."

Mwanamke alikumbuka mmea aliouona kwenye ukuta wa zahanati: majani manono kama punje za mchele, yametanda juu ya jiwe bila udongo wa maana. Jina hakulijua. Akampigia shemeji yake, dereva wa lori.

"Shemeji, niletee vitambaavyo! Vifupi vifupi, vya kufunika mawe!"

Injini ilikuwa inanguruma upande wa pili. Alhamisi shemeji akaingia anatabasamu, akakunjua vitambaa vya meza, vyeupe, vyenye marembo pembeni.

"Nimekuletea vitambaa!"

"Vitambaavyo, shemeji! Vinavyotambaa! Mimea!"

"Ala! Na mimi njia nzima najiuliza, hayo mawe yanatarajia wageni gani?"

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akachukua kimoja akajifunga kichwani.

Ijumaa mwanamke akaenda mwenyewe kwa muuza miche. Ukitaka kitu chako kiende sawa, usimwagize ndugu wa mume.

"Chukua huu, dada," muuza miche akasema, akimsogezea mmea wenye mashina marefu. "Ni jamii hiyohiyo, unafika magotini."

"Vya kusimama nimeshachoka navyo, kaka. Husimama vizuri, kisha huondoka. Nataka cha kulala chini kishike."

Akainua vyungu kimoja kimoja. Chenye udongo uliolowa akakirudisha. Mmea huu ukinyweshwa maji mengi huoza kiunoni. Shina lililolegea akaliacha. Alichagua wa majani kama mchele, mwingine mwekundu kama shaba, na mmoja wa kijivu, ghali, uliojikunja kama waridi dogo. Jioni akaipachika kwenye nyufa kwa mchanga na kokoto.

Jumamosi mume akaja na gari la mizigo. Akatazama.

"Haya ni majani tu. Hayajashika hata mizizi."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomuuma mwanamke. Jiwe moja likiinuliwa, kila kitu kingeporomoka.

Mama mkwe akatoka taratibu na kilemba chake cha meza, akaenda akakaa juu ya jiwe kubwa la chini, lile lililobeba mengine.

"Anza na hili, mwanangu."

"Mama, inuka."

"Hili limekwisha kutumika. Muulize mzee wa mtaa."

Majirani walikuwa wamejaa barabarani. Mmoja akauliza kwa sauti, "Baba, unapakia mawe au unampakia mama?" Mume akazunguka gari, akapiga teke gurudumu kama ndilo lililomtukana, akaondoka mikono mitupu.

Mwanamke akamshika mama mkwe mkono. "Inuka sasa, mama. Umekalia ule wa kijivu. Ndio uliokuwa ghali kuliko yote."

Mama akageuka, akautazama mmea uliolala bapa.

"Wa ghali ni yule aliyeondoka na gari," akasema. "Huyo nilimlea miaka ishirini. Huu utapandwa tena."