Mafuta Yalikuwa Yakienda Wapi

Majirani walimwita Kiguu-na-Njia, na mwenyewe hakukataa. Alikuwa mjane, mshona mapazia, na kukaa kitako hakukuweza. Akimaliza kupima madirisha ya mteja, chai inaachwa nusu kikombe, tepu iko shingoni, mguu mmoja uko nje. Alipita mitaani na gari dogo la kizamani aliloachiwa na mumewe, limepauka paa lakini linawaka bila kubembelezwa.

Kisha gari likaanza kunywa. Mafuta yaliyokuwa yakimfikisha Jumamosi yakawa hayavuki Jumatano. Kwanza alilaumu foleni. Halafu likamzimikia kwenye mlima, kiti cha nyuma kimejaa mapazia ya ukumbi wa harusi, mama wa bibi harusi anapiga simu kama aliyefiwa. Tangu siku hiyo jicho halikubanduka kwenye mshale wa mafuta. Akiegesha anautazama, akifika mlangoni anarudi kuutazama tena.

Katika chumba cha uani aliishi mdogo wa marehemu mumewe, mwashi. Walitaniana tangu siku alipoolewa.

"Mke wetu, leo unamkimbiza nani?"

"Nakukimbia wewe na viatu vyako vya saruji."

Alasiri moja alikwenda kuazima ngazi kwa shemeji yake, akaona nyuma ya mlango mpira mrefu mwembamba, unaopitisha mwanga, umeviringwa vizuri. Moyo ukamlipuka. Shemeji aliporudi kutoka kazini alimkuta amesimama uani, mpira mkononi.

"Kumbe ndivyo unavyoninyonyea mafuta!"

Shemeji alicheka, akidhani ni utani wao. Alipoona uso wake akaacha. "Huo ni wa kupimia maji, shemeji. Tunaujaza maji, tunalinganisha kuta."

"Usinifanye mtoto."

"Gari la kaka yangu nilinyonye mafuta?"

"Nani mwingine analala hapa?"

Shemeji alifungasha mwiko, timazi na nguo zake, akaomba mpira wake, akaaga kwa heshima. Heshima ile ilimchoma mwanamke kuliko tusi.

Alinunua kifuniko cha tenki chenye kufuli. Mshale ukashuka vilevile. Hapo ndipo raha ilipomtoka kabisa. Alikata kitambaa akakikata vibaya. Alichemsha maji akasahau ni ya nini. Kila alipopita uani, macho yalikwenda kwenye mlango uliofungwa. Mwishowe akalipeleka gari kwa fundi.

Fundi hakufungua hata boneti. "Umetoka mbali? Vizuri. Shika magurudumu, mama. Taratibu."

Akashika la kwanza, la pili, la tatu: vuguvugu. La nne, nyuma upande wa kushoto, likamchoma, akarusha mkono.

"Breki imekamata," fundi akasema. "Hujaikanyaga, lakini inashika. Injini inavuta gari, breki inalirudisha nyuma. Mafuta yako hayaibwi. Yanaungua hapo."

Aliegemea mlango wa gari. Fundi akaendelea: matairi yalikuwa laini kama ndizi mbivu, chujio la hewa limeziba vumbi mpaka limegeuka rangi, na buti limesheheni vyuma vya kutundikia mapazia.

"Vyuma hivi ni vya leo?"

"Vya siku yoyote."

"Basi vibebe siku hiyo. Na mguu wako, mama: ukiona taa nyekundu mbele, unaharakisha kwenda kusimama?"

Hakucheka. Breki iliposafishwa, chujio likabadilishwa na matairi yakajazwa upepo, hakwenda kwa mteja. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo alikokuwa akijenga shemeji yake.

Alimkuta juu ya jukwaa la mbao, anapanga matofali.

"Shemeji! Ilikuwa breki!"

Akateremka, akafuta mikono kwenye suruali. "Uliunusa ule mpira?"

"Sikuunusa."

"Ungeunusa tu. Petroli haifichiki."

"Nisamehe. Rudi nyumbani, twende sasa hivi, gari liko hapo."

"Nimeshapanga chumba." Alitazama kando. "Nitakusamehe, shemeji. Ila usinikimbize."

Akapanda tena kazini. Yeye akabaki chini, simu inaita mfukoni, hajui mikono aiweke wapi. Siku nyingine angeondoka, lakini leo hakuondoka. Alizunguka rundo la mchanga, akakaa juu ya matofali, akainuka, akakaa tena.

Siku hizi mafuta yanafika Jumamosi, na mara nyingine yanabaki. Shemeji hakurudi kuishi uani. Huja Jumapili mojamoja, hula, huuliza habari za gari, huaga mapema. Ilichukua miezi mpaka amwite tena "mke wetu", na siku alipomwita, mshona mapazia aliingia jikoni kwa haraka, akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika bure.