Idwal Shimo

Bondeni kwetu akina Prosser ni wengi mno, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Yuko Prosser Mkate, na alikuwako Prosser Majeneza. Mjomba wangu Idwal aliendesha mtambo wa kuchimba makaa ya mawe kule mlimani miaka tisa, wakamwita Idwal Shimo. Alicheka nao, mpaka siku mtambo wake ulipoimeza chemchemi ya kina Eluned, mkewe. Tangu siku hiyo hata Eluned akawa anamwita Shimo, na yeye hakuwa anatania.

Makaa yalipokwisha, kampuni ilirudisha udongo, ikapanda nyasi, ikaenda zake. Mlima ukabaki laini kama shuka iliyopigwa pasi. Mpaka leo nikiutazama naudhika.

Mwaka huu macho ya Eluned yalianza kuzima. Akasema anataka kusimama penye chemchemi yao mara moja tu kabla hajapofuka. Mjomba alikosa raha wiki nzima, maana angeipata wapi?

Tulipanda watatu, asubuhi ya ukungu. Kondoo walitokea na kutoweka, na sauti zetu ziliturudia polepole, kana kwamba mlima wa zamani ungali mle ndani unasikiliza. Mjomba alifuata mstari wa ndago, majani yapendayo maji, uliokatiza nyasi, umenyooka kuliko kitu chochote kinachojiotea. Alihesabu hatua, akasimama.

"Hapa," akasema.

Eluned akapiga magoti, akapapasa. Maji yalikuwapo, baridi, yametuama kati ya ndago. Akasukuma vidole chini ya maji; ardhi ilikuwa ngumu, haikuingilika.

"Mwongo wewe, Shimo. Hii ni barabara yenu ya malori. Mliishindilia hata maji hayana pa kwenda."

"Ndiyo," mjomba akasema. Akanyoosha kidole kwenye ukungu, juu ya vichwa vyetu. "Yako ilikuwa pale, mke wangu. Mlima ulikuwa mrefu zaidi kabla hatujaukata. Nimeshindwa kuirudisha."

Eluned akainua uso, akapatazama pale hewani kwa muda mrefu, kwa macho yale ambayo huona ukungu hata siku ya jua. Sijui aliona nini. Kisha akateka maji ya barabarani kwa viganja, akanawa uso.

"Idwal Chemchemi," akasema, "niinue. Magoti yananiuma."

Ilibidi nimwinue mimi. Mjomba alikuwa analia.