Bango la Hongera la Mwalimu Dismas

Kwa miaka tisa Dismas alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Sumbawanga, watoto themanini darasani na kitabu kimoja kwa madawati matatu, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kisha akapata ufadhili wa kusomea uzamivu Guangzhou, China. Sasa alikuwa mwaka wa nne, tasnifu imebaki sura moja, na miezi mitatu tu kabla ya kuitetea. Chuoni hakuna aliyemjua, mtu mzima wa miaka arobaini na moja anayelala bweni moja na vijana. Siku yake ya kuwa mtu ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi alifundisha kwenye kituo cha tuisheni huko Haizhu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo. Viza ya mwanafunzi haikumruhusu, naye alijua fika. Alianza kwa ajili ya ada ya mdogo wake Bertila, aliyekuwa chuo cha uuguzi, akaendelea kwa sababu ualimu ulikuwa umemkaa mwilini. Mwenye kituo, Bi Chen, ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi, alimpa sharti moja: wazazi wakiuliza, anatoka Afrika Kusini, eti Kiingereza alizaliwa nacho. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Dismas aliinama mpaka kiuno kikazoea.

Jumamosi ile somo lilikuwa vitenzi vya kuenea, vya kitu kinachotoka mahali pamoja kikaenda mbali. Kitabu kilikuwa na orodha ya kukariri, na Dismas alikuwa na chuki ya zamani na orodha. Alikuwa amepita soko la vitambaa la Zhongda akanunua mita sita za kitambaa chekundu. Watoto wakashika pembe, wakakitandaza sakafuni: spread. Wakakivuta, nusu huku nusu kule: stretch. Akawapa kila mmoja konzi ya mchele wautawanye: scatter. Laoban, pale mlangoni, alifumba macho kwa uchungu wa sakafu yake.

Likabaki sprawl, neno la mtu aliyejibwaga chini, mikono huku na miguu kule. Watoto walimtazama tu, hawajaelewa. Basi Dismas, na tai yake shingoni, akajilaza chali juu ya mchele, akatanua viungo vyote vinne. Watoto wakaanza kujibwaga pembeni yake mmoja mmoja, wakilitamka neno lile kwa kicheko, mpaka wote kumi na wawili wakawa chini. Mama mmoja akarekodi. Lilikuwa somo zuri kuliko yote aliyofundisha maishani, na inafaa lisemwe hapa, maana baadaye hakuna aliyelisema.

Jioni laoban akaiweka video ile kwenye mtandao wa WeChat kutangaza kituo. Kesho yake ilimfikia Imelda, katibu wa umoja wa wanafunzi wa Kitanzania, binti wa Moshi mwenye moyo mweupe na simu isiyopumzika. Nasi tunajijua: mtu akipata digrii, mtoto, au hata leseni ya udereva, lazima atengenezewe bango la hongera. Imelda alichukua picha ya Dismas amelala chali kati ya watoto, akaizungushia maua na bendera, akaandika jina lake kamili, chuo chake, jina la kituo, na kwamba hufundisha hapo kila Jumamosi, kisha akalirusha WeChat. Kilichokosekana ni namba ya pasipoti tu.

Dismas aliliona kabla ya saa sita mchana na akajua hatari yake. Alipaswa kumpigia Imelda palepale amwambie alifute. Badala yake alilisoma mara nne. Hakuwahi kupewa hongera kwa kufundisha. Akajiambia kuwa ni Kiswahili, litaishia kwetu wenyewe, akasahau kwamba simu za siku hizi hutafsiri kwa mguso mmoja. Akajibu, "Ahsante sana dada." Kisha kwa mkono wake mwenyewe akamtumia Bertila.

Alhamisi akaitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ofisa hakumgombeza. Alimwekea bango mezani, tafsiri ya Kichina imebandikwa chini yake, akamuuliza kama ni yeye.

"Ni mimi," Dismas akasema.

Ufadhili ukafutwa, usajili ukafutwa, akapewa siku kumi awe ameondoka nchini. Laoban hakupokea simu zake tena. Imelda alikuja bwenini, akalia mpaka akashindwa kukaa.

"Kaka Dismas, mimi ndiye nimekumaliza."

"Hapana dada. Nililiona mapema, nikanyamaza."

Nyumbani hakumwambia mtu. Kila siku alishika simu, kila siku akairudisha mfukoni. Utamwambiaje mama kwamba miaka minne imekwisha hivi?

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Alasiri alikuwa amekaa uwanja wa ndege wa Baiyun na sanduku lake moja, na ndani yake tasnifu isiyo na sura ya mwisho, simu ilipoita. Sumbawanga misa ilikuwa ndiyo imetoka.

"Dismas, baba," mama yake akasema, "Bertila kalituma lile bango parokiani. Padri kalisoma mbele ya watu wote. Umenitoa kimasomaso, mwanangu."

Dismas akalivuta sanduku karibu na miguu.

"Lakini nikuulize. Mbona wamekulaza chini?"

"Ni somo, mama."

"Haya. Na hicho cheti cha chuo utakileta lini?"

Kipaza sauti kikaita abiria wa ndege yake. Akainuka. Alitaka kusema yote, akashika mpini wa sanduku.

"Kesho kutwa niko nyumbani, mama."

Alimsikia akigeuka kutoka kwenye simu, akiwaambia wanawake waliokuwa naye nje ya kanisa kwamba Dismas anakuja kesho kutwa, anakuja na cheti. Vigelegele vikaanza hapo karibu na simu, vikapokewa mbele kidogo, vikapokewa tena kule mbali barabarani, na Dismas akabaki ameishika simu sikioni, hana namna ya kuvirudisha.